Leseni Isiyo na Muhuri

Jumanne, 3 Februari 1998

Oda imekuja! Kambi moja ya utafiti wa dhahabu kule Geita wanataka kompyuta mbili, na ndani yake programu yangu ya Sampuli. Yangu. Ile niliyoiandika miaka miwili kwenye chumba cha nyuma cha duka, kati ya betri za magari na vyerehani, nikinyanyuliwa kitini kila anapoingia mteja wa redio. Itawasaidia kuorodhesha mifuko yao ya udongo na mawe: kila mfuko umetoka shimo gani, kina gani, maabara imesema kuna dhahabu kiasi gani. Mwishoni inachora grafu. Hiyo grafu ndiyo iliyowakamata.

Baba Mihir – bosi wangu, Girish, mwenye duka – aliniita akanipa chai ya maziwa, kitu ambacho huwapa wateja tu. Kazi hii ikipokelewa vizuri tarehe 20, kuna kambi nyingine tatu zinasubiri kununua. Hapo atafungua chumba Geita na mimi ndiye nitakayekisimamia. Isipopokelewa, anafunga upande wa kompyuta na mimi narudi kupiga chapa mitihani ya shule. Alisema kwa upole kabisa. Nimepiga chapa mitihani miaka sita. Sirudi huko.

Saa kumi kitumbua kikaingia mchanga. Namkuta Sanket, mpwa wake, anafuta mafaili kwenye zile kompyuta. Mfumo unaoziendesha ni Linux, wa bure, tumeutoa kwenye CD iliyokuja na gazeti la kompyuta. Anafuta faili la leseni. Kwa nini? Mjomba kasema linajaza nafasi. Kilobaiti kumi na nane! Pembeni yake rundo la stika, zimeshachapwa: HAKI ZOTE ZIMEHIFADHIWA, na jina la duka.

Haki zipi? Hatukuandika hata mstari mmoja wa huo mfumo.

Alhamisi, 5 Februari

Nimebishana na Baba Mihir tangu saa tatu mpaka muda wa kula. Nilimweleza taratibu, kana kwamba ni mara ya kwanza, kumbe ni ya nne. Walioandika programu hizi wamezitoa kwa kila mtu. Mimi naziita programu huria, sina neno jingine. Unaruhusiwa kuziuza, hata kwa bei ya kuruka. Unaruhusiwa kuziweka boksi moja na bidhaa yako ya biashara. Lakini leseni yao lazima iende nazo. Na mnunuzi apewe chanzo – yale maandishi ambayo mtu aliyaandika kwa mkono wake kabla mashine haijayasaga kuwa programu – au aahidiwe kwa maandishi kwamba akikitaka atakipata. Na huwezi kumkataza kunakili akampa jirani. Basi. Kuna ugumu gani?

Yeye akauliza: mtu anayegawa bure, ataumia wapi nikibandika stika? Nilipandisha sauti, na sauti si jibu.

Aliyeniokoa ni mke wake Pooja, Mama Mihir. Alikuwa anapanga nyuzi kabatini, wala hakugeuka. Alisema kwa Kigujarati kwanza, halafu kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: cherehani kikija na kitabu cha kiwanda tunakiuza na kitabu chake, hatuchani jalada tukaandika Girish. Baba Mihir akasema haya, leseni itachapwa iwekwe ndani ya boksi.

Nimeshinda. Na nimechoka kama niliyeshusha lori la pamba peke yangu.

Jumapili, 8 Februari

Jana na leo asubuhi nimeitafsiri leseni kwa Kiswahili. Kurasa sita za mkono, ili huyo wa Geita asije akasema hakuelewa. Mkono unauma.

Mchana nimekwenda Samuye kwa mama. Matope mpaka kwenye magoti, mvua za mwaka huu hazina adabu. Mama kauliza siku hizi nauza nini. Nikajitahidi kumweleza. Kasikiliza anachambua kunde, halafu akasema hayo si mapya, ni ng'ombe wa kufugishwa. Wale wawili wa mjomba Makoye tunao zizini tangu nikiwa darasa la tatu. Maziwa yetu, samadi yetu, kulima wanalima kwetu. Lakini chapa ni ya Makoye, na mtu akiuliza ni wa nani, unamtaja Makoye.

"Na huyo wako anadai ndama wangapi?" akaniuliza.

Nikamwambia hadai hata mmoja. Anachotaka ni wewe usimzuie jirani naye kukamua. Mama alicheka mpaka kunde zikamwagika. Akasema huyo mtu hajawahi kufuga. Kisha tukarudi kwenye mambo ya maana, yaani bati la jikoni linalovuja.

Jumatatu, 9 Februari

Leseni ilitumwa Geita kwa faksi asubuhi. Saa tano simu inalia. Ofisa ununuzi wa kambi, anaitwa Donatus. Sauti ya mtu asiye na haraka duniani.

Leseni hii namba ngapi? Haina namba. Imetolewa na nani? Na walioandika programu. Ofisi yao iko wapi? Hawana ofisi. Nani kasaini? Hakuna aliyesaini. Muhuri uko ukurasa gani? Hakuna muhuri. Inaisha lini? Haiishi. Hapo nikasikia karatasi zinapekuliwa.

"Dada, mimi niko Geita mwaka wa saba," akasema. "Leseni isiyoisha sijaiona."

Nikamwambia imetolewa kwa watu wote. Akauliza watu wote ndio nani, nimpe jina moja aliandike kwenye fomu.

Simcheki. Kule kila siku kuna mtu anauziwa shimo kwa leseni ya kughushi, na Maganzo, kwenye machimbo ya almasi, hivyo hivyo. Bila muhuri, kwake hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi. Hata mimi ningemwajiri mtu wa namna hiyo. Lakini jamani, anataka muhuri wa nani? Nimfuate nani anipigie muhuri? Waliotoa leseni wametawanyika dunia nzima, wengine hata hawajuani kwa sura.

Nimemwambia Baba Mihir. Alitikisa kichwa polepole, akasema niache, atalishughulikia. Hapo ndipo nilipotakiwa kuogopa.

Jumatano, 11 Februari

Amelishughulikia.

Nimerudi kutoka posta nakuta leseni mezani. Kila ukurasa umepigwa muhuri wa duka, ule wa zambarau, pamoja na ule mdogo wa ORIGINAL. Juu kabisa, kwa mashine: Namba ya leseni 001/98. Mtoa leseni: Girish, na jina la duka na sanduku la posta. Itaisha: 31 Desemba 1998. Hata tafsiri yangu ya mkono imepigwa muhuri, mara mbili, mmoja umefunika mstari unaosema hakuna anayeruhusiwa kuongeza masharti yake.

Nilikaa chini. Sanket akaniletea maji.

Yaani wiki nzima nimepigania hiyo leseni iingie kwenye boksi, na sasa imeingia ikisema mwenye programu ni Girish na mwisho wake ni mkesha wa mwaka mpya! Afadhali ile stika. Stika ilikuwa imenyamaza tu kuhusu wenyewe. Hii imewafuta.

Yeye anaona amenisaidia. Ndilo linalonimaliza nguvu. Hakuna hila usoni kwake, amefanya kile ambacho kila mwenye duka Shinyanga angefanya: mteja akikataa karatasi, mpigie muhuri. Donatus kashapigiwa simu, kafurahi. Sasa ameongeza jambo moja dogo – tamko la umiliki, ukurasa mmoja, lisainiwe na mwenye duka, na mtengenezaji alisaini mbele yake, kambini. Mtengenezaji ni mimi.

Ijumaa, 13 Februari

Nimekaa na leseni kuanzia saa mbili, ile ya Kiingereza isiyo na muhuri, kutafuta kifungu cha kumpiga nacho Baba Mihir.

Nimekipata. Kimenipiga mimi.

Grafu. Ile grafu inayopendwa na kila mtu sikuitengeneza mimi. Mwaka 1995, nikiwa kwenye kozi Dar, mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Norwe alinipa disketi yenye kipande cha programu cha kuchorea grafu, huria, chini ya leseni hii hii. Nikakichukua nikakifuma ndani ya Sampuli. Sikukiweka pembeni kama Linux ilivyo pembeni. Nimekifuma ndani, mstari wangu, mstari wao. Na kifungu cha pili kinasema wazi, na mimi ndiye niliyekitafsiri kwa Kiswahili kizuri Jumamosi bila kukisikia: ukifuma chao ndani ya chako, ukakitoa kwa mtu, kitu chote kinakwenda kwa masharti yao. Chote. Chanzo cha Sampuli lazima nimpe mnunuzi, naye ana haki ya kunakili na kumpa amtakaye.

Wale wa kambi wakishakuwa nacho, zile kambi tatu zitanunua nini kwetu? Watapeana tu, jioni wakinywa bia. Chumba cha Geita kwisha.

Ukiwasha Sampuli, unajua kioo kinaandika nini? "Haki zote zimehifadhiwa. Zipora Masalu, 1997." Niliandika mwenyewe. Nilijivunia na herufi nikazikoleza.

Mjinga mimi.

Jumamosi, 14 Februari

Sijamwambia mtu.

Nimejaribu kukifumua kile kipande na kuandika grafu yangu mwenyewe. Kufikia saa sita nilikuwa na grafu inayoonyesha dhahabu iko juu ya ardhi, hewani. Saa sita na nusu umeme ukakatika na kwenda na kila kitu. Muda hautanitosha. Kazi ya miezi mitatu hiyo, mimi nina siku tano.

Nimempigia binamu yangu Mageni, aliyeko Isaka. Ofisi yao ya mizigo ya reli ina barua pepe ya kufuatilia mabehewa, inatumwa mara moja kwa siku. Nimemsomea barua herufi kwa herufi kwa simu, kwa Kiingereza, naye anacharaza huku makuli wanapiga kelele nyuma yake. Imeandikwa kwa yule mwenye kipande cha grafu, jina na anwani yake viko juu kabisa ya faili: Halvard. Nimemwomba ruhusa niuze kikiwa kimefungwa, bila kutoa chanzo. Nimemweleza Sampuli inavyofanya kazi, hata ile hesabu yangu ya kina cha shimo lililochimbwa mshazari. Sijui kwa nini niliweka hiyo. Labda nilitaka ajue kwamba si kila kitu nimechukua kwake.

Jumatatu, 16 Februari

Nimemwambia Baba Mihir.

Kwanza alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Akasema wiki mbili nimemhubiria kama yuko kanisani, kumbe mwenye dhambi ndiye mhubiri. Nilistahili. Nilimwacha amalize.

Halafu akaacha kucheka, akafunga mlango wa chumba cha nyuma.

"Mama Nelly," akaniita, "nani kule Geita atafungua ndani aangalie?"

Hakuna. Hilo ndilo jibu la kweli. Mwanajiolojia wao anajua mawe. Donatus anajua mihuri. Halvard yuko Norwe kwenye theluji. Hakuna mtu hata mmoja katika mkoa huu mzima atakayejua, isipokuwa mimi.

Akasema hatanilazimisha. Yeye tamko ameshasaini. Niende na Sanket Alhamisi, na nikifika huko nisaini au nisisaini, lakini nikumbuke anakodisha hicho chumba kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Yeye na redio zake ataishi.

Nilitakiwa kusema kitu. Sikusema. Nilisimama pale nikiangalia betri, nikisikia kabisa kwamba kunyamaza kwangu ni kukubali, na bado sikusema.

Jumatano, 18 Februari

Mageni hajapiga.

Nimenakili chanzo chote cha Sampuli kwenye disketi. Zimekuwa kumi na moja. Nimeziweka kwenye boksi la kompyuta. Nimezitoa. Nimeziweka. Sanket aliniona mara ya tatu, akajifanya anatafuta waya. Mwishowe nimezitia kwenye mkoba wangu, chini ya kanga.

Kesho safari.

Alhamisi, 19 Februari. Kahama

Pikapu ilikwama mara mbili kabla ya Tinde. Nimesukuma na mimi, kwa viatu vya ofisini.

Tumepita Isaka, nikashuka mbio ofisini kwa Mageni. Hakunisalimia hata, alinirushia karatasi. Jibu liliingia jana jioni na simu zilikuwa zimekufa. Juu kuna orodha ya mabehewa, chini kuna orodha ya mabehewa, katikati Halvard.

Anasema amefurahi mno, hakujua kipande chake kimefika machimbo ya dhahabu. Hana ruhusa ya kunipa. Hakukiandika peke yake, wako wanne: yeye, Marit, Oddvar na Sverre. Sverre alifariki mwaka juzi. Hawezi kumuuliza, na bila yeye hawezi kubadili masharti. Nilichopewa nimpe na anayefuata, ndivyo ilivyo. Mwisho anauliza kama naweza kumtumia ile hesabu yangu ya shimo la mshazari. Wanaihangaikia miaka mingi, hawajaipata.

Nimekasirika! Nilitaka anikatalie kwa dharau, nimchukie, nisaini nikiwa na amani. Badala yake anamleta marehemu. Nitabishanaje na marehemu? Na hesabu yangu anaitaka. Hakuna aliyewahi kuniomba hesabu yangu. Hapa kwetu huomba grafu.

Nimeisoma mara nne nyumba ya wageni. Sanket aliuliza wamesema nini, nikampa asome. Alirudisha karatasi, akaenda kukagua kamba za maturubai ambazo alishazikagua.

Ijumaa, 20 Februari. Geita, kambini

Naandika ofisini kwa Donatus. Yeye katoka, pedi yake ya wino imekauka, kaenda kuazima ya stoo. Niandike haraka.

Kompyuta zimefungwa tangu saa nne, zote zinafanya kazi. Mwanajiolojia alipiga namba za shimo moja, grafu ikachoreka, akaita wenzake wawili waje waone. Akanishika mkono. Wa kambi ya jirani alikuwepo pia, akauliza wao tutawafungia lini. Kila kitu nilichokitaka tangu 1996 kilisimama mbele yangu dakika kumi nzima.

Kisha nikaitwa huku. Donatus ni mtu mzima kuliko sauti yake, nilimwamkia shikamoo na akaitika vizuri. Fomu iko mezani. Tamko la umiliki: sisi tuliosaini hapa chini tunathibitisha kwamba programu zote zilizomo ni mali yetu peke yetu, na mnunuzi haruhusiwi kunakili wala kumpa mwingine. Saini ya Baba Mihir, ya zambarau, na muhuri wa duka. Chini yake: Mtengenezaji, Z. Masalu, na nukta nukta za kusaini. Kando kuna mraba mtupu umeandikwa MAHALI PA MUHURI. Bila huo muhuri wa kambi mzigo haujapokelewa, na leo ndiyo mwisho.

Alinipa kalamu. Nikasema kwa unyonge kwamba kuna tatizo dogo, si zote ni mali yetu. Hakukasirika. Alisema basi wenye mali watajwe, kwake si taabu, kuna nafasi ya Mmiliki pale juu. Anachohitaji yeye ni majina, karatasi haiwezi kukaa bila mwenyewe. Halafu akaona pedi imekauka, akatoka.

Dirishani namwona Sanket ameegemea pikapu, anaangalia huku. Hajui anatamani nifanye nini, naona usoni.

Nimekata maneno "peke yetu". Mstari mmoja, kwa rula yake. Nimekata "haruhusiwi kunakili wala" nikaandika juu yake "anaruhusiwa kunakili na". Pale kwa Mmiliki nikaanza na Halvard. Marit. Oddvar. Sverre, nikaandika "marehemu", kwa sababu Donatus atauliza saini yake iko wapi. Nafasi ikaisha na bado hao ni wa grafu tu! Wa Linux nimewaandika wale ninaowakumbuka kutoka kwenye mafaili, kwa herufi ndogo, nikashuka nao pembeni, mpaka wakaingia ndani ya mraba. Jina langu limekuwa la mwisho. Limeenea kwa shida.

Disketi kumi na moja nimezipanga juu ya fomu. Nikazisogeza kidogo ili asione mraba mara moja. Nikazirudisha. Aone.

Kwenye MAHALI PA MUHURI hakuna tena mahali. Ni majina matupu.

Hasira zimebaki zile zile, sijui hata sasa ni za nani. Nasikia anasalimiana na mtu koridoni kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, taratibu, mtu asiye na haraka duniani. Mlango huo. Ameingia, muhuri ameshauchovya kwenye wino, anaushika juu juu usichafue shati, na anatafuta pa kuupiga